Chupa ya Mama na Macho ya Kaka

Mwanzoni mwa mwaka 2019 mama yangu alikirudisha dukani kitambaa cha miraba alichokuwa amekinunua ili ashone sare za watoto wa shule. Alidai kwamba kimefumwa vibaya, kwani mistari yake ilipinda katikati kama maji yaliyotupiwa jiwe. Mwenye duka, mtu mpole, alimbadilishia bila ya maneno. Siku mbili baadaye mama akakirudisha na cha pili. Safari hiyo nilifuatana naye. Mwenye duka alikitandaza kitambaa juu ya meza, akanitazama mimi wala si mama, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, mistari imenyooka." Nikatazama. Ilikuwa imenyooka kama reli.

Nimetaja reli kwa sababu ndiyo iliyotuleta Kampala. Baba alikuwa mtumishi wa Reli ya Afrika Mashariki, akahamishwa kutoka Mombasa, nasi tukakulia katika nyumba za watumishi wa reli kule Nsambya. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 wengi wa jirani zetu wa pwani walirudi kwao, sisi tukabaki. Baba alipofariki, cherehani ya mama ndiyo iliyotusomesha. Ameshona gomesi, ameshona kanzu, ameshona sare za shule zisizo na idadi, kwa muda wa zaidi ya miaka hamsini. Sasa twakaa pamoja, mama, kaka yangu mkubwa, mimi na wanangu wawili, katika nyumba ya ghorofa ya zamani chini ya kilima cha Nakasero, mahali ambapo asubuhi husikia sauti za wachuuzi wa sokoni kabla ya kusikia za ndege.

Basi nikampeleka mama kwa daktari wa macho. Daktari alimpa kadi yenye miraba midogo midogo na nukta katikati, akamwambia afumbe jicho moja na kuitazama nukta ile. Mama akacheka. "Kumbe hata ninyi madaktari huwapimia watu kwa kitambaa!" Lakini alipofumba jicho la kulia hakucheka tena. Nukta ilikuwa imetoweka, na miraba iliyoizunguka ilikuwa imekunjamana.

Ugonjwa wenyewe ni kuchakaa kwa makula, yaani ile sehemu ndogo iliyo katikati ya retina, nayo retina ni utando ulio nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Makula ndiyo itumikayo kusomea, kutungia uzi katika sindano na kutambua uso wa mtu. Katika jicho la kushoto la mama, mishipa dhaifu ya damu ilikuwa imekwisha kuota chini ya utando huo na kuvuja. Jicho hilo lilihitaji sindano, na sindano yenyewe huchomwa ndani ya jicho, jambo ambalo mama alilistahimili vizuri kuliko mimi niliyekuwa nimemshika mkono. Jicho la kulia lilikuwa na madoa ya manjano yaliyo dalili ya ugonjwa uleule, ila lilikuwa bado linaona. Daktari akasema kwamba kazi yetu kubwa ni kulilinda hilo lililobaki, kisha akaandika vidonge.

Hapo nilimwuliza swali ambalo nadhani mama msomaji naye angaliuliza: kidonge cha vitamini kitalindaje jicho? Nami nilikuwa nikijua, kama tujuavyo sote, kwamba karoti ni nzuri kwa macho, basi.

Jibu lake lilinikumbusha jiko. Kila mwenye nyumba ajua kwamba karanga zilizosagwa au mafuta ya simsim yakiachwa wazi juani huchacha, yakatoa harufu kali na kuwasha koo. Kinachoyaharibu ni oksijeni iliyomo hewani, ikisaidiwa na joto na mwanga. Sasa, retina imejaa mafuta laini ya namna ileile ipatikanayo katika samaki, na mafuta laini ndiyo yachachayo upesi zaidi. Juu ya hayo, retina hupigwa na mwanga kutwa, na kwa uzito wake ni miongoni mwa sehemu za mwili zitumiazo oksijeni nyingi kuliko zote. Kwa hiyo mambo yote matatu yachachishayo mafuta yamekusanyika mahali pamoja, katika utando mwembamba sana.

Katika matumizi hayo ya oksijeni huzaliwa chembe zilizopungukiwa na elektroni, na kila chembe ya namna hiyo hunyang'anya elektroni kutoka kwa jirani yake, naye jirani hunyang'anya kwa mwingine, hata uharibifu ukaenea kama moto wa nyika. Vitamini E hukaa ndani ya mafuta ya seli na kuukatiza moto huo kwa kutoa elektroni yake yenyewe. Vitamini C, ambayo hukaa majini, humrudishia vitamini E kile alichokitoa, ili aweze kufanya kazi tena. Kuna na rangi mbili za manjano, luteini na zeazanthini, ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza. Huzipata katika chakula na kuzikusanya pale pale katika makula, nazo hukinga mwanga wa buluu ulio mkali, mfano wa pazia lililotundikwa dirishani. Vyote hivyo huitwa antioksidanti. Daktari aliniambia jambo moja zaidi ambalo sijalisahau: kila siku seli zinazopokea mwanga hutupa karibu sehemu moja ya kumi ya ncha zao zilizochakaa, na safu ya seli nyingine iliyo nyuma yake huzila takataka hizo. Seli hizo za kufagia hazizaliwi upya. Zile ulizokuwa nazo ukiwa kijana ndizo zinazofagia uzeeni, na takataka zisipomalizika kuchomwa ndipo yale madoa ya manjano huanza kuonekana.

Nilipendezwa na maelezo hayo, lakini mimi ni karani wa ofisi kwa miaka mingi na nimezoea kuuliza hesabu. Hesabu zipo. Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani iliwafuata watu zaidi ya 3,600 wenye ugonjwa huo katika hatua mbalimbali, wengine wakipewa vitamini C, vitamini E, beta-karotini na madini ya zinki, wengine wakipewa vidonge visivyo na kitu, na matokeo yakatangazwa mwaka 2001. Kati ya watu 100 waliokuwa katika hatari kubwa kama mama, 28 kati ya wale wasiopewa dawa walifikia hatua mbaya ya ugonjwa katika muda wa miaka mitano. Kati ya waliopewa mchanganyiko wote, walikuwa 20. Hao wanane ndio faida. Si wote, na wala vidonge havikumrudishia mtu yeyote uwezo alioupoteza. Kwa wale ambao ugonjwa wao ulikuwa mwanzo kabisa, haikuonekana faida ya maana. Na kuhusu mtoto wa jicho, vidonge havikusaidia kitu.

Nilimsomea mama hesabu hizo. Akasema, "Wanane katika mia si haba. Mimi nimeshona nguo kwa faida ndogo kuliko hiyo."

Vidonge hivyo vilikuwa ghali. Bei ya chupa moja ilizidi ile ya sukari na mafuta ya mwezi mzima nyumbani kwetu. Duka la dawa nililokwenda halikuwa na namna ileile aliyoiandika daktari, na muuzaji akanipa nyingine akisema kwamba zote ni za macho. Nami sikusoma kibandiko. Chupa ilikuwa na vidonge 60, navyo mama alitakiwa ameze kimoja asubuhi na kimoja jioni, pamoja na chakula. Haikuhitaji karani kujua kwamba chupa ingefika mwezi mmoja.

Chupa ilifika siku ishirini.

Nilidhani mama amesahau akameza mara mbili. Nikamwuliza, akakasirika. Chupa ya pili nayo ikaisha siku ya ishirini. Naandika sehemu hii kwa aibu. Palikuwapo nyumbani binti aliyetusaidia kazi, mtoto wa watu kutoka upande wa Masaka, mwenye adabu na mkono mwepesi. Nilimwita jikoni nikamwambia kwamba vidonge vinapungua na kwamba nje ya soko kuna watu wanunuao dawa kimoja kimoja. Sikumwita mwizi. Lakini neno lisilotamkwa nalo husikika, naye alilisikia. Alilia, akafungasha, akaondoka kesho yake alfajiri bila ya kudai mshahara wa mwezi ule, na mimi nikautafsiri ukimya wake kuwa ni kukiri.

Chupa ya tatu, ambayo hakuwapo binti yeyote wa kuigusa, ilifika siku ishirini.

Kaka yangu ni mtu wa maneno machache. Alikuwa dereva wa lori kwa muda mrefu, na tangu alipoacha kazi hiyo alikuwa akifanya hesabu za mizigo kwa wafanyabiashara wa matunda sokoni. Huvuta sigara, au nisema alikuwa akivuta. Katika miezi ile nilikuwa nimeona kwamba anagonga miimo ya milango kwa bega la kushoto na kwamba hataki tena kushuka ngazi usiku. Niliyaona hayo kama uonavyo vumbi juu ya kabati, kwa kusema kesho. Jioni moja, akivuka barabara kutoka sokoni, aligongwa na boda boda iliyotokea kushoto. Mwendeshaji aliapa kwamba alipiga honi na kwamba mzee alimtazama usoni kisha akaendelea kutembea. Kaka alivunjika kifundo cha mkono. Alipokuwa akifungwa plasta ndipo aliponiambia.

"Ndugu yangu, vidonge nilikuwa nikinywa mimi. Kimoja kila siku."

Alikuwa ameona kwamba macho yake yanapungua, akajiambia kwamba ugonjwa wa mama umemwingia naye, kwa kuwa ni damu moja. Hakutaka nyumba igharimie mgonjwa wa pili. Akaona kwamba akichukua kimoja kwa siku hatamdhulumu mama sana. Siku nilipokuwa nikimsema yule binti jikoni, yeye alikuwa kazini. Aliposikia habari jioni alishindwa kusema, na kadiri siku zilivyopita ndivyo kusema kulivyozidi kuwa kugumu. Tangu alipoanza kuona mabadiliko hadi siku ile ya boda boda ilikuwa imekwisha kupita miezi saba.

Hakuwa na ugonjwa wa mama. Alikuwa na glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Huo huanzia mahali pengine. Ugonjwa wa mama hula katikati ya kuona na kuacha pembeni. Glakoma hula pembeni na kuacha katikati mpaka mwisho, na ndiyo sababu mtu aweza kusoma gazeti vizuri huku akigongwa na kila kipitacho ubavuni. Katika glakoma zinazokufa ni seli za retina zinazopeleka habari kwenye ubongo kwa njia ya mshipa wa jicho, nazo hufa pole pole bila ya maumivu, mara nyingi kwa sababu ya shinikizo la maji yaliyomo jichoni. Jambo lililopasa kufanywa lilikuwa kulipunguza shinikizo hilo kwa matone ya kila siku, ambayo kwa mwezi yaligharimu kidogo kuliko ile chupa ya vitamini. Jicho la kushoto la kaka lilikuwa limekwisha kupoteza sehemu kubwa, na kilichopotea kwa glakoma hakirudi.

Nilimwuliza daktari kama vitamini zilimsaidia walau kidogo, kwa kuwa na hizo seli zake ni za retina vilevile. Alisema kwamba uchovu wa oksijeni unafikiriwa kuwa na sehemu yake katika glakoma pia, na kwamba vitamini mojawapo ya jamii ya B, iitwayo nikotinamaidi, inajaribiwa kwa wagonjwa wa glakoma katika nchi kadhaa, zikiwamo Australia na Sweden. Kujaribiwa si kuthibitishwa, na vidonge vya mama havikuwa hivyo hata kidogo. Kisha akaichukua chupa, akasoma kibandiko ambacho mimi sikukisoma, akamwuliza kaka, "Mzee, unavuta sigara?"

Chupa ile ilikuwa ya mchanganyiko wa zamani wenye beta-karotini. Nchini Finland uchunguzi uliofanywa juu ya wanaume zaidi ya 29,000 wavutao sigara, uliotangazwa mwaka 1994, ulikuta kwamba wale waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao, kwa kiasi cha asilimia 18. Kwa sababu hiyo Wamarekani walifanya uchunguzi wa pili wa macho, wakaitangaza natija yake mwaka 2013: beta-karotini iliondolewa, ikawekwa luteini na zeazanthini, na ulinzi wa macho haukupungua. Namna hiyo mpya ndiyo daktari aliyoiandika tangu mwanzo. Kwa mama, ambaye hajapata kuvuta, kosa langu la dukani halikuwa na madhara makubwa. Kwa kaka, kila kidonge kilikuwa hakisaidii jicho na kilikuwa kikihatarisha pafu. Tangu siku ile hajawasha sigara, na uvutaji wenyewe, kama ujuavyo, ni rafiki mkubwa wa ugonjwa wa mama, hata angepaswa kuuacha kwa ajili hiyo tu.

Akina mama wenzangu wa kazini wakisikia habari hii huniuliza: basi karoti za nini? Za kitu kingine. Karoti, papai, maembe na viazi vitamu vya rangi ya machungwa huupa mwili vitamini A, ambayo bila yake mtoto haoni gizani na kioo cha jicho chaweza kuoza kabisa. Hilo ni janga lililopofusha watoto wengi wa Afrika, na mwanasayansi wetu wa Uganda, Dakta Robert Mwanga, ni mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, yeye kwa kazi yake ya kuzalisha viazi hivyo. Ukiona sokoni mbegu iitwayo Kabode au Vita, ni matunda ya kazi hiyo, nayo ni mitamu. Lakini mtu mzima alaye vizuri hazidishiwi macho kwa kuzidisha karoti.

Kwa ajili ya makula, afadhali niende kwenye mafungu ya kijani. Luteini imo kwa wingi katika dodo, sukuma wiki na majani ya maboga, na zeazanthini katika pilipili hoho za rangi ya machungwa na mahindi ya manjano, ambayo posho yetu nyeupe haina. Kiini cha yai kina zote mbili kwa kiasi kidogo, lakini mwili huzichukua kwa urahisi. Rangi hizi huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo dodo iliyochemshwa kwa maji matupu hupoteza nusu ya maana yake. Mimi huipika kwa muda mfupi, kisha huitia kijiko cha simsim iliyosagwa au karanga, zisiwe zimechacha. Mara mbili kwa wiki tunakula samaki, mkubwa fedha zikiwapo, mukene zisipokuwapo. Muuza mboga wangu ambaye huniita "nnyabo" hata tukigombana bei, sasa huniwekea dodo yenye majani mapana bila ya kuulizwa.

Hata hivyo sitaki mtu adhani kwamba fungu la dodo ni sawa na kidonge. Vidonge vile vina miligramu 500 za vitamini C kwa siku, ambazo ungezipata kwa machungwa kama saba, na vizio 400 vya vitamini E, ambavyo huwezi kuvipata kwa chakula cha kawaida hata ule mpaka ushindwe kuinuka. Hicho ni kiasi cha dawa, kilichopimwa kwa wagonjwa wa hatua fulani ya ugonjwa mmoja. Hakikupimwa kwa kaka mtu, wala kwa shemeji, wala kwa jirani aliyeona kwamba macho yake yanauma.

Mama sasa hashoni tena nguo za kukata kwa vipimo. Jicho la kulia bado linashika, miaka kadhaa baadaye, na sisemi ni kwa sababu ya vidonge, kwani huenda angekuwa miongoni mwa wale 72 wasiohitaji. Kila Jumapili hukitundika ukutani kipande cha kile kitambaa cha pili cha miraba, ambacho nilikinunua tena kwa mwenye duka, akafumba jicho moja kisha jingine. Mistari ikianza kucheza ataniambia siku hiyohiyo.

Yule binti nilimtafuta kwa simu kwa njia ya shangazi yake. Nilimweleza yote, na kaka akaomba simu naye akaeleza. Alikubali mshahara wake wa mwezi ule. Nilipomwomba arudi alinyamaza, kisha akasema, "Hapana, Mama. Lakini nisalimie Bibi."

Matone ya kaka hukaa juu ya jokofu, karibu na saa, na huyatia saa mbili usiku. Kwa kuwa ndugu wa mwenye glakoma naye yuko katika hatari, nilipimwa mimi pia. Shinikizo langu lilikuwa la kawaida, na nimeambiwa nirudi kila mwaka, mwezi wa Machi.